Sandwichi ya nyama choma: jinsi ya kupiga hesabu ya kilichomo, hatua kwa hatua

Uliza sandwichi ya nyama choma ina kalori ngapi, mmoja atakwambia 350, mwingine 600, na wa tatu ataapa kwamba inapita 900. Huenda wote watatu wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja ana sandwichi yake kichwani. Ipo yenye vipande vichache vya salala na nyanya. Ipo iliyojazwa kidari cha ng'ombe chenye mafuta mpaka mkate unalowa. Na ipo ambayo ukiondoa sosi, ladha yote inaondoka nayo. Kwa hiyo hapa hutapata namba moja ya kukariri. Utapata njia ya kuihesabu sandwichi iliyo mbele yako, sahani kwa sahani, na mfano mmoja uliopigwa hesabu mwanzo mpaka mwisho.

Niseme mapema ninakoelekea: watu wengi huilaumu nyama, na mara nyingi nyama ndiyo sehemu isiyo na matata. Hesabu huharibika kwenye sosi, kwenye chumvi, na pale mtu anapochanganya uzito wa nyama mbichi na wa nyama iliyoiva.

Unachohitaji

Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu. Kijiko cha chakula na kijiko cha chai, vile vya kupimia kama unavyo. Kalamu na karatasi, au simu. Pamoja na hivyo, jedwali la virutubisho la kuaminika. Tanzania ina jedwali lake lililotoka mwaka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo cha Afya ya Jamii cha Harvard. Kenya ilitoa lake mwaka 2018 pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina hazina inayoitwa FoodData Central, ambayo haina malipo mtandaoni. Kwa mbuzi, chapati na vyakula vya kwetu, anza na majedwali ya Kenya na Tanzania. Kwa sosi za chupa na nyama za mtindo wa Marekani, FoodData Central ina mengi zaidi.

Kanuni ya kubeba kichwani ni hii: gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4, gramu ya wanga 4, na gramu ya mafuta 9. Tunachokiita "kalori" katika mazungumzo ya kawaida ni kilokalori. Kama pakiti imeandikwa kilojuli peke yake, gawanya kwa 4.2. Kilojuli 1,100, kwa mfano, ni kilokalori 260 na ushee.

Hatua ya kwanza: mkate

Anza na mkate, maana ndio rahisi. Mkate mweupe wa ngano una takriban kilokalori 265 katika gramu 100: wanga gramu 49, protini 9, mafuta 3, na sodiamu kama miligramu 490. Slesi moja huwa na gramu 25 hadi 30. Banzi la baga ni gramu 50 hadi 60. Boflo za bekari moja na nyingine hazilingani, hivyo kata kipande chako ukiweke kwenye mzani.

Mkate wa ngano nzima haupunguzi kalori kwa kiasi cha kujivunia. Faida yake ni nyuzinyuzi, karibu gramu 7 katika gramu 100, wakati mkate mweupe haufiki 3. Usidanganywe na rangi, lakini. Mkate wa kahawia unaweza kuwa unga mweupe uliotiwa rangi. Soma kiungo cha kwanza kwenye orodha ya pakiti, na kama si unga wa ngano nzima, uhesabu kama mweupe.

Ukifungia nyama kwenye chapati, achana na namba za mkate kabisa. Chapati ya kusukumwa hubeba mafuta yake yenyewe, ya kwenye unga na ya kwenye kikaango, na hupita kilokalori 300 kwa gramu 100 bila shida.

Hatua ya pili: nyama, na kosa linalovuruga kila kitu

Nyama ikikaa juu ya makaa hupoteza maji, na sehemu ya mafuta hudondoka. Nusu kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa ikichomwa kawaida hutoka na gramu 350 hivi. Kidari cha ng'ombe au bega la nguruwe likipikwa polepole kwa moshi saa nyingi, kama wafanyavyo Wamarekani, hupoteza hata asilimia 40 ya uzito. Protini, lakini, haiendi popote. Inabaki ndani ya kipande kilichosinyaa. Ndiyo maana gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe zina protini gramu 19 hadi 21, na gramu 100 za nyama hiyohiyo iliyoiva zina 26 hadi 29.

Sasa tazama kosa linavyotokea. Mtu anapima gramu 120 za nyama iliyoiva, anafungua jedwali, anasoma mstari wa nyama mbichi. Anaandika protini gramu 24 badala ya 32. Mwingine anafanya kinyume: ananunua robo kilo mbichi na kuiandika kama gramu 250 za nyama iliyoiva, ilhali alichokula hakikufika 180. Kanuni ni moja: ukipima iliyoiva, soma mstari wa iliyoiva, ukipima mbichi, soma mstari wa mbichi. Mimi napendelea kupima iliyoiva, baada ya kukatakata na kabla ya kuipanga kwenye mkate, kwa sababu hapo ndipo unapojua hasa kilichoingia kinywani.

Mfupa nao una hila yake. Kwenye mabucha ya nyama choma, nyama hupimwa mbichi, na mfupa wake ndani. Nusu kilo ya mbuzi uliyolipia ikifika mezani imepungua kwa moto, na bado kuna mifupa utakayoiacha kwenye sinia. Dawa ni nyepesi: pima nyama ikiwa na mifupa, kula, pima mifupa iliyobaki, kisha toa.

Hizi hapa namba za kufanyia kazi, kwa gramu 100 za nyama iliyoiva bila mfupa. Nimezipa makadirio pale ambapo mnyama na mnyama hutofautiana:

- Mbuzi wa kuchoma: kilokalori 143, protini 27, mafuta 3. Mbavu zenye mafuta ya kuonekana zitapanda juu ya hapo.
- Kidari cha kuku bila ngozi: kilokalori 165, protini 31, mafuta karibu 4.
- Paja la kuku na ngozi yake: kilokalori 240 hivi, protini 24, mafuta 15.
- Ng'ombe, steki yenye mafuta kiasi: kilokalori 216, protini 27, mafuta 12.
- Kidari cha ng'ombe pamoja na mafuta yake: hupita kilokalori 300, protini 26, mafuta 24 hivi.
- Bega la nguruwe, nyama na mafuta yake: kilokalori 270, protini 23, mafuta 19.

Ona kwamba protini haitofautiani sana toka juu mpaka chini. Kinachopanda na kushuka ni mafuta. Mbuzi na kidari cha ng'ombe wanakupa protini karibu sawa, lakini kimoja kina kalori mara mbili ya mwenzake. Ukitaka kupunguza kalori za sandwichi bila kupunguza nyama, hapa ndipo mahali: badilisha sehemu ya mnyama, si kiasi.

Nyama nyekundu pia ina mambo ambayo kalori hazionyeshi. Gramu 120 za steki zina madini chuma miligramu 3 hivi, tena ya aina ambayo mwili huifyonza kwa urahisi kuliko ile ya mchicha au maharage. Zinki imo ya kutosha, na vitamini B12 inayofikia au kupita mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima.

Hatua ya tatu: ulichoilowekea

Kitunguu saumu, tangawizi, bizari, ndimu na pilipili vyote pamoja havifiki kalori za kuandika. Papai bichi la kulainishia mishkaki nalo vivyo hivyo. Andika viwili tu: mafuta na chumvi.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni gramu 14, kama kilokalori 120. Gawanya kulingana na sehemu yako. Ukiwa na gramu 350 za nyama iliyoiva na wewe ukachukua 120, umechukua theluthi na kidogo, yaani mafuta gramu 5 na kilokalori 43. Mengine yatakuwa yamedondoka kwenye makaa, ni kweli, lakini hesabu yote. Ni afadhali namba ikose kwa kuzidi kuliko kwa kupungua.

Chumvi inahitaji subira kidogo, kwa sababu pakiti nyingi huandika sodiamu. Asilimia 40 ya chumvi ni sodiamu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 6 za chumvi, sawa na sodiamu miligramu 2,400. Kugeuza sodiamu kuwa chumvi, zidisha kwa 2.5. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani sodiamu miligramu 2,000. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chai kimeshavuka siku nzima.

Hatua ya nne: sosi

Hapa ndipo sandwichi moja inapoachana na nyingine, na hakuna mahali panapoonyesha hilo kama kule Marekani, ambako sandwichi ya barbekyu ni chakula cha majimbo na kila eneo lina sosi yake.

Texas, kidari cha ng'ombe hupakwa chumvi na pilipili manga, kikapikwa kwa moshi, kikaletwa na mkate mweupe, vitunguu na achari ya matango. Sosi huwekwa pembeni, na wapo wanaoona kuigusa ni kuitukana nyama. Sukari ya sandwichi hiyo ni ndogo, lakini mafuta ni mengi kwa sababu ya kidari chenyewe. Mashariki ya North Carolina sosi ni siki na pilipili, nyepesi kama maji. Kalori zake ni za kupuuza, na nyama ni nguruwe aliyechambuliwa. Kansas City ni habari nyingine: nyanya, molasi na sukari, sosi nzito ya kung'ang'ania vidole. Hiyo ndiyo iliyosafiri kwenye chupa mpaka madukani kwetu. Kaskazini mwa Alabama kuna sosi nyeupe ya mayonesi na siki, iliyoanzia mji wa Decatur kwenye miaka ya 1920 kwa Big Bob Gibson, ambayo haina sukari ya kutisha lakini ina mafuta. Memphis wanaweka saladi ya kabichi juu ya nyama, ndani ya banzi, na saladi hiyo mara nyingi ina mayonesi. Maeneo matano, jina moja, hesabu tano tofauti.

Sosi ya barbekyu ya chupa, ile tamu, ina takriban kilokalori 172 katika gramu 100, sukari gramu 33 na sodiamu miligramu 1,000 na zaidi kidogo. Maana yake theluthi nzima ya ulichomimina ni sukari. Vijiko viwili vya chakula, gramu 34, ni kilokalori 58, sukari 11, sodiamu 350. Pakiti nyingi huita vijiko viwili "kiasi cha mtu mmoja". Jipime siku moja: mimina kama ulivyozoea, lakini juu ya bakuli lililo kwenye mzani. Kumbuka pia iliyopakwa kwa brashi wakati nyama iko motoni.

Kwa nyinginezo: kijiko cha chakula cha kechapu kina sukari gramu 4 hivi. Kijiko cha mayonesi, gramu 14, ni kilokalori 95, karibu zote za mafuta.

Ukitaka kutengeneza yako, saga nyanya zilizoiva, pika na siki, kitunguu saumu, pilipili na vijiko viwili vya chakula vya sukari mpaka ibaki gramu 300. Sukari uliyotia ni gramu 25. Gramu 34 za sosi hiyo zitakuwa na chini ya gramu 3 za sukari uliyoongeza, mbali na ya nyanya zenyewe. Pwani tuna njia ya mkato, sosi ya ukwaju na pilipili, ile inayoandamana na mishkaki Forodhani na ambayo utaikuta pia kwenye mishikaki ya kando ya barabara kule Oman. Ukwaju una sukari yake ya asili, lakini uchachu wake unamfanya mtu aridhike na kidogo. Hesabu tu sukari ya kijiko unayoongeza.

Hatua ya tano: mboga na vikorombwezo

Kachumbari, gramu 50: kilokalori 12, tupite. Ila usiiruke kwenye sahani, maana vitamini C ya nyanya mbichi na ndimu husaidia mwili kufyonza madini chuma ya ngano. Kama unaitia chumvi, hiyo nayo iandikwe.

Parachichi lina kilokalori 160 kwa gramu 100, nyingi za mafuta laini, pamoja na nyuzinyuzi gramu 7. Jibini la cheda hufika kilokalori 400 kwa gramu 100, hivyo kipande chembamba cha gramu 20 ni 80. Majarini ya kupaka mkate kabla ya kuukausha ndiyo inayosahaulika kuliko yote: kijiko cha chai kina kilokalori 35 hivi.

Hatua ya sita: jumlisha

Tuchukue sandwichi moja. Nusu kilo ya ng'ombe imelowekwa na kijiko kimoja cha mafuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi, imechomwa, zimetoka gramu 350. Wewe umechukua 120.

- Banzi jeupe, gramu 60: kilokalori 159, protini 5.4, wanga 29.4, mafuta 1.8, sodiamu 294.
- Nyama, gramu 120: kilokalori 259, protini 32.4, wanga 0, mafuta 14.4, sodiamu 72 ya asili.
- Mafuta ya kulowekea: kilokalori 43, mafuta 4.8.
- Chumvi ya kulowekea, sehemu yako: sodiamu 410.
- Sosi tamu ya chupa, vijiko viwili: kilokalori 58, wanga 14, sodiamu 350.
- Kachumbari isiyo na chumvi, gramu 50: kilokalori 12, wanga 3.

Jumla: kilokalori 531, protini gramu 38 hadi 39, wanga 46, mafuta 21, sodiamu miligramu 1,126.

Hakiki hesabu yako kwa kanuni ya 4, 4 na 9. Protini 38.5 mara 4 ni 154, wanga 46.4 mara 4 ni 186, mafuta 21.2 mara 9 ni 191. Jumla 531. Zikitofautiana kwa 10 au 20 ni kukadiria tu. Zikitofautiana kwa 100, kuna mahali umesoma mstari usio wake, na mara nyingi ni mstari wa nyama mbichi.

Sasa isome. Kwa kalori, huu ni mlo wa kawaida wa mchana, na protini yake ni nyingi kuliko milo mingi tunayokula. Mafuta si balaa: sehemu inayoganda, ile ya kuangaliwa kwa ajili ya moyo, haifiki gramu 8, na kikomo cha siku kwa anayekula kilokalori 2,000 ni kama gramu 22. Lakini sodiamu 1,126 ni chumvi gramu 2.8, zaidi ya nusu ya kikomo cha siku, na nyama yenyewe imechangia miligramu 72 tu. Zilizobaki zimetoka kwenye mkate, kwenye sosi na mkononi mwa mpishi. Nyuzinyuzi hazifiki gramu 3, wakati mtu mzima anahitaji angalau 25 kwa siku. Sukari ya sosi, gramu 11, ni karibu nusu ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaona ni bora tusizivuke.

Ongeza kijiko cha mayonesi, umefika 626. Ongeza chipsi gramu 150, ambazo ni kilokalori 470 hivi, na soda ya mililita 300 yenye sukari gramu 32. Sasa umevuka 1,200, na sandwichi yenyewe, hata na mayonesi yake, imekuwa kama nusu tu ya mlo. Anayetaka kupunguza uzito angeanza na chipsi na soda kabla ya kugusa nyama.

Moshi na sehemu zilizoungua

Hili halimo kwenye jedwali lolote la kalori. Mafuta yakidondoka kwenye makaa, moshi unaopanda hubeba kemikali zinazoshukiwa kuchangia saratani, na nyama ikiungua juu kwa moto mkali hutengeneza nyingine. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni kwenye kundi la vilivyothibitika. Hivyo bekoni juu ya sandwichi ni swali tofauti na nyama iliyo chini yake. Kwa nyekundu, mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani unashauri isipite gramu 350 hadi 500 kwa wiki, uzito wa iliyoiva. Sandwichi tatu kama yetu ni gramu 360.

Jikoni, mambo ya kufanya ni machache: subiri makaa yafunikwe na majivu, toa mafuta ya ziada, loweka kwa ndimu na kitunguu saumu, geuza mara kwa mara, na kata sehemu nyeusi uitupe. Usiogope moto mpaka ukala nyama mbichi, lakini. Kuku anahitaji kufika nyuzi 74 ndani, nyama ya kusaga 71.

Ukila nje, bila mzani

Nyama iliyoiva ya ukubwa na unene wa kiganja, bila vidole, ni gramu 85 hadi 100. Sosi omba ije pembeni, uitie mwenyewe kwa kijiko. Kama huoni jikoni, ongeza kijiko kimoja cha mafuta kwenye hesabu yako, hutakosea kwa mbali. Walioko Marekani wana nafuu: tangu Mei 2018 migahawa yenye matawi 20 au zaidi hulazimika kuandika kalori kwenye menyu, na chupa za sosi huonyesha sukari iliyoongezwa kwenye mstari wake. Namba hizo si Msahafu, maana mkono wa mpishi haupimi kama maabara.

Mwenye kisukari atazame wanga, gramu 46 kwenye mfano wetu, na ataona kwamba kuondoa slesi ya juu kunamsaidia kuliko kupunguza nyama. Mwenye shinikizo la damu aloweke nyama bila chumvi, atie ndimu na pilipili, na achague kati ya sosi ya chupa na jibini, asichukue vyote. Bila chumvi ya kulowekea na kwa kijiko kimoja cha sosi badala ya viwili, sodiamu ya sandwichi yetu inashuka kutoka 1,126 hadi 541. Mwenye jongo au ugonjwa wa figo aipeleke karatasi yake ya hesabu kwa mtaalamu wa lishe au daktari anayemtibu, kwani kwake hata gramu 120 za nyama zinaweza kuwa na kikomo chake.